Mahindi Yenye Homa

Ndunge alikuwa ametumwa mahindi ya kupika isyo, yaani mahindi yaliyochemshwa na maharagwe, basi. Mama mkwe wake alikuwa kivulini anapepeta maharagwe, mtoto amelala kwenye leso kando yake, akamwambia, "Mwaitu, ingia kwangu uchote ya jioni. Chota kwa hilo gunia la ukutani, hayo mengine tusiyaharakishe." Naye akaingia, akafungua mdomo wa gunia, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko.

Akautoa haraka.

Ndani kulikuwa na joto. Si joto la jua, maana chumba kile kilikuwa na kidirisha kimoja tu, na ukuta wake ulikuwa ukiloa kila mvua ilipopiga. Lilikuwa joto ambalo kila mama analijua, lile la kupitisha mkono chini ya nguo ya mtoto aliyelala ukakuta mgongo unawaka. Akanusa vidole. Vilinuka kama nguo iliyoloa ikasahauliwa kwenye beseni.

Magunia yote yalikuwa humo chumbani, yamesimama juu ya sakafu ya udongo, yamekizunguka kitanda cha mama mkwe wake, Mama Kyule. Ghala la nje lilikuwapo, la fito, zuri tu. Lakini tangu wezi walipofagia ghala la jirani yao Nzisa wakamwachia vumbi, hakuna mtu pale aliyelaza chakula chake nje. Kyule, mume wa Ndunge, ambaye kazi yake ni kuziba magurudumu ya malori huko Emali, kila akija nyumbani alimtania mama yake: "Mama, naona siku hizi umeolewa na magunia."

"Hawa angalau hawakoromi," mama yake humjibu.

Mwaka huo mvua ilikuwa imefanya ukorofi. Mahindi yalikuwa yamekauka kwenye mabua, yanangoja kuvunjwa tu, ikarudi wakati ambao si wake. Wakavuna kwenye matope, wakapukuchua mbiombio, wakajaza magunia ya nailoni kabla wingu jingine halijafika. Jumapili wakamshukuru Mungu kanisani, na walikuwa na haki ya kushukuru, kwa sababu kuna watu kule chini ambao hawakuvuna hata la kuchoma.

Basi Ndunge aliendelea na kazi. Alichota, akamwaga kwenye ungo, akachambua. Punje njema huku. Zilizogeuka rangi, zilizosinyaa, zenye unga wa kijani kwenye kiini, kule. Alichambua kama anayemchambulia mfalme, maana mlaji alikuwa Kavindu, binti yake.

Jambo hili la jina inafaa lieleweke. Mama Kyule jina lake mwenyewe, alilopewa alipozaliwa, ni Kavindu. Na kwa Wakamba, binti wa kwanza wa mwanao huitwa jina lako, na mtu akishaitwa jina lako si mjukuu peke yake. Ni wewe umerudi mdogo. Kwa hiyo tangu Ndunge alipojifungua, mama mkwe hakumwita tena Ndunge. Alimwita Mwaitu, yaani mama yangu. "Kwani si umenizaa?" husema. Asubuhi akiamka na furaha hugonga mlango wa mkaza mwana, akaipunguza sauti ikawa nyembamba kama ya mtoto: "Mwaitu, Kavindu analilia chai!" Ndunge alikuwa ameolewa kutoka Kitui, na huko alikuwa amemwacha mama yake mzazi kaburini. Mara ya kwanza alipoitwa hivyo alizunguka nyuma ya jiko akalia kidogo, kisha ndio akaichemsha hiyo chai.

Na alipopewa jina, mtoto alipewa pia mbuzi. Mbuzi wa maziwa, mweupe, sikio moja jeusi. "Huyu ni wa Kavindu kutoka kwa Kavindu," Mama Kyule alisema, na maziwa yake yakawa ya kutia kwenye uji wa mtoto. Yale mahindi mabaya ya upande wa kule wa ungo, Mama Kyule aliyazoa kila jioni kwa mikono miwili, asidondoshe hata punje, akampelekea mbuzi kwenye karai. "Kula, mama, ujaze kiwele. Mwenyewe anangoja."

Ndunge alikuwa akitazama na moyo wake unatulia. Mtoto anapata mahindi safi, mbuzi anapata mabaya, hakuna kilichopotea. Ungesema ni nyumba yenye akili.

Ila Kavindu mdogo hakuwa anaongezeka. Alikuwa ameshaanza kutembea kwa kushika kuta, mchangamfu, mwenye kelele, lakini kila akining'inizwa kwenye mizani ya kliniki mshale ulisimama palepale uliposimama mara iliyopita. Nesi hakumwogopesha mtu. Aliuliza tu, "Anakula?"

"Anakula kutushinda sisi wote," Ndunge alisema.

"Basi tuendelee kumwangalia."

Maneno yale Ndunge aliyabeba mpaka nyumbani, na uzito wake ulishinda wa mtoto aliyekuwa mgongoni.

Jioni alikuwa akienda darasa la watu wazima katika ukumbi wa kanisa pale Mbumbuni. Shule aliiacha kidato cha pili, karo ilipokataa, na sasa alikuwa ameirudia akiwa na mtoto mgongoni na penseli kwenye nywele. Mwalimu wao aliitwa Wariara, mwanamke kutoka Nyeri aliyeolewa mjini Wote, na Kiswahili alikuwa akikifundisha kwa chochote kinachomhusu mtu: leo barua ya chifu, kesho dawa ya kupe. Siku hiyo aliandika ubaoni neno moja. Sumukuvu.

"Ligaweni mara mbili," alisema. "Sumu. Kuvu. Ndiyo hiyo redio inaita aflatoksini. Mahindi yakiwekwa na unyevu yanaota ukungu, na ukungu unatoa sumu. Ukungu utauona. Sumu hutaiona, na moto hauiwezi. Unaweza ukachemsha isyo mpaka sufuria itoboke, sumu bado iko."

Darasa likacheka. Mzee mmoja wa kiti cha nyuma, Musyimi, akainua mkono. "Mwalimu, sisi hatuna shida hiyo. Mahindi mabovu hatuli, tunampa ng'ombe."

Vichwa vikatikisika kukubali. Cha Ndunge nacho kilikuwamo.

Wariara aliweka chaki chini. "Huyo ng'ombe unamkamua, Mzee?"

"Namkamua, ndiyo."

"Maziwa anakunywa nani?"

Mkono wa Musyimi ukashuka.

"Sumu inapita kwa mnyama ikashuka na maziwa," Wariara akasema polepole. "Si yote. Lakini mtoto mdogo hahitaji nyingi. Akiipata leo kidogo na kesho kidogo, inaweza kumzuia kukua."

Baada ya hapo Ndunge hakusikia tena somo. Alisikia pumzi za mtoto shingoni mwake, za joto, zenye harufu ya maziwa. Wenzake walipokuwa wakitoka alibaki nyuma, akauliza, "Na kama ameshakunywa?"

Wariara akamtazama mtoto, akaelewa. "Acha kumpa kuanzia leo. Mbuzi mrudishieni majani na chakula kizuri, na baada ya siku kadhaa maziwa yatakuwa safi tena. Mtoto mpeleke kliniki uwaeleze. Watoto wana nguvu ya kuinuka, dada. Usijilaumu. Ungejuaje?"

Lakini Ndunge alifika nyumbani na maneno mengi mno mdomoni, na hapo ndipo alipokosea. Alimkuta mama mkwe ameinama kwenye banda, anamlisha mbuzi. Hakumwamkia. Alimpokonya karai mkononi.

"Mama, wacha! Hiyo ni sumu!"

Mama Kyule alinyooka, mkono kiunoni. "Sumu ya nani?"

"Aflatoksini."

"Huyo Afulato ni mtu wa wapi? Wa Kitui?" Na alikuwa anacheka, jamani, alikuwa anacheka kabisa, kwa sababu watu wa Kitui ndio mzaha wake wa kila siku.

"Ni ukungu wa mahindi, Mama. Unaingia kwa maziwa. Labda ndio unamzuia Kavindu kukua."

Kicheko kikakatika. "Unasema mimi namlisha Kavindu sumu."

"Sijasema hivyo."

"Kavindu ni mimi. Kuna mtu hujilisha sumu mwenyewe?" Aliyatazama mahindi ndani ya karai. "Na haya unataka nifanye nini?"

"Tuyatupe, Mama."

Neno hilo halikuwa limewahi kutamkwa katika boma lile. Mama Kyule ni msichana wa ile njaa iliyoitwa Nikw'a Ngwete, jina ambalo maana yake ni nakufa nikiwa nimeshika: watu walikuwa na pesa mkononi, na dukani hakuna cha kununua. Aliingia kwenye njaa hiyo akiwa na mdogo wake wa kufuatana naye, akatoka peke yake. Mtu kama huyo huwezi kumwambia atupe chakula. Hata ukoko wa ugali humwagia maji ya moto, akaunywa kama uji.

Alilichukua karai lake taratibu. Hakupaza sauti.

"Sawa, Ndunge," alisema.

Ndunge. Si Mwaitu. Afadhali angempiga kofi.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa na adabu nyingi mno. Chai ilipokewa kwa "asante" kama chai ya mgeni. Uji wa mtoto Ndunge aliupika bila maziwa, akautia ndizi iliyopondwa, na maziwa yakakaa kwenye jagi mpaka yakaganda. Mama Kyule aliliona lile jagi. Alivuta tu leso kichwani ikashuka karibu na macho. Na jioni mbuzi akapewa karai lake kama kawaida.

Ndunge akampigia Kyule simu.

"Eti ulimwambia nini?" Kyule alisema, na nyuma yake nyundo inagonga chuma. "Atupe? Ulitumia neno hilohilo, atupe? Woi!"

"Ningesemaje?"

"Sikiza. Mama ukibishana naye kwa akili atakushinda, alinishinda mimi tangu nikiwa kwa tumbo. Mwongeleshe vingine."

"Vingine vipi?"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye mama yake," akasema kwa mzaha, na mteja akamwita, simu ikakatika.

Ndunge alibaki ameishika simu. Wewe ndiye mama yake. Kyule alikuwa ametania, lakini yeye aliigeuza kauli ile kichwani adhuhuri nzima, huku akifua, huku akianika.

Alasiri alikwenda kuketi kwenye kizingiti cha jiko, mtoto mapajani. Ndani, Mama Kyule alikuwa amempa mgongo, anachagua mawe kwenye ungo wa ndengu, yaani choroko.

"Kavindu," Ndunge aliita.

Mtoto akainua uso. Kule jikoni, mikono ikasimama.

"Kavindu wangu, leo mama yako anataka kuongea na wewe. Kwanza anataka kukuomba msamaha. Juzi alikunyang'anya kitu mkononi bila hata kukuamkia. Mama gani hufanya hivyo? Alikuwa ameogopa sana, mwanangu. Mtu akiogopa anasahau adabu."

Mtoto alimshika pua. Ndunge akadhani amezidi kuharibu. Halafu jikoni ikatoka sauti, nyembamba, ile ya kulilia chai.

"Uliogopa nini, Mwaitu?"

"Niliogopa usikue. Nimekuzaa mara moja tu, sina mwingine. Najua unampenda mbuzi wako, unampa ulicho nacho. Hujakosa. Hata mimi nilikuwa nachambua, nakuwekea upande ule mahindi ya mbuzi wako, nafurahi. Tulikuwa wawili tusiojua."

"Mimi sijui kutupa chakula," sauti ikasema.

"Najua."

"Hujui. Lori ya serikali ilipita ikamwaga kidogo barabarani. Mahindi ya manjano. Tuliokota na vumbi lake, mimi na Wayua. Yalikuwa na ukungu. Tulikula." Ile sauti ya kitoto ilikuwa inakwisha, inageuka ya mtu mzima katikati ya maneno. "Wayua hakufa kwa kula, Mwaitu. Alikufa kwa kukosa."

Ndunge hakuwa amewahi kulisikia jina hilo. Alimkumbatia mtoto aliye mapajani kwa nguvu, kwa sababu yule Kavindu mwingine, wa jikoni, alikuwa mbali naye.

"Pole, mwanangu," alisema. "Wakati ule mngefanya nini? Hakukuwa na lingine. Leo liko. Tuna ndengu. Mbaazi zinaiva. Mtama wetu ule wa kilimani ndege wametuachia nusu."

"Na zikiisha? Utanipa nini nile?"

"Nitakutafutia. Kwani mimi si ndiye mama?"

Ungo uliwekwa chini. Mama Kyule alikuja mpaka kizingitini, akajibana kuketi kando ya mkaza mwana, uso wake umelowa na hana habari ya kuupangusa. Akamchukua mtoto, akampima kwa mikono, juu, chini, kama anayepima uzito wa kuku sokoni.

"Kweli ni mwepesi," alisema kwa sauti yake mwenyewe. Kisha, "Nyinyi watu wa Kitui mna ujanja. Haya, inuka. Twende tukawaone hao waume zangu."

Waliyatoa magunia uani moja moja, wakiyavuta kwa masikio. Jirani yao Nzisa alisikia huko kwake vile vishindo, akaja kusaidia, na kuona. Lile la ukutani lilikataa kumwagika. Mama Kyule alilipiga ngumi mgongoni, likatema bonge zima lililoshikana kama keki, la kijani na kijivu, linafuka vumbi. Ndunge akamsogeza mtoto mbali na kumfunga leso puani. Wote wakalitazama.

"Na mimi nalala nalo kichwani," Mama Kyule akasema.

Mengine yalionekana mazima. Lakini Ndunge alikuwa amefundishwa kitu kingine darasani: alichukua chupa ya soda iliyokauka vizuri, akatia konzi ya mahindi, akatia chumvi kavu, akampa mama mkwe atikise.

"Nitikise mpaka lini? Mpaka Roho ashuke?"

Nzisa akaanza kupiga makofi na kuimba pambio, na Mama Kyule akaitikisa chupa kama kayamba, akazunguka nayo uani hatua mbili tatu, kiuno chake cha zamani kikakumbuka. Walipoitua, chumvi ilikuwa imenata kwenye kioo pande zote. Mahindi bado yana unyevu. Wakatandika turubai, wakayaanika yote kwenye jua, na Ndunge akasema wasiyaguse kwa chakula mpaka sampuli ya kila gunia ipelekwe Wote kwa watu wa kilimo ikapimwe, kwa sababu jicho lenyewe halitoshi.

"Na hili la keki?" Nzisa akauliza. "Nipeni nikawapatie kuku. Kuku hana neno."

Ndunge alivuta pumzi ajibu. Mama Kyule alimtangulia.

"Na mayai anakula nani, Nzisa?"

"Si mimi?"

"Basi kaa na uzima wako."

"Ai! Tangu lini wewe unatupa chakula?"

"Situpi," Mama Kyule alisema. "Nazika. Kuna tofauti. Kinachotupwa kinaokotwa na mtu mwingine."

Walichimba shimo refu nyuma ya banda, mbali na bustani, Ndunge na Nzisa wakipokezana jembe. Alipokuja kumwaga, Mama Kyule hakukubali asaidiwe. Alilikumbatia gunia, lile bonge likiwa limerudishwa ndani, akalipeleka mwenyewe, akalilaza ukingoni, na hapo akasita. Midomo ilikuwa inatembea. Labda alikuwa anaomba, labda alikuwa anamweleza mtu. Ndunge aliangalia pembeni ili asimharakishe. Kisha likasikika lile chururu la mahindi yakishuka.

Hakuna aliyemwona mtoto. Alikuwa amekuja kwa kutambaa, ile njia yake ya zamani akiwa na haraka, akafika kwenye zile punje chache zilizomwagika ukingoni, na alipogunduliwa shavu moja lilikuwa limevimba.

Ndunge aliruka, lakini bibi alikuwa karibu zaidi. Mwanamke huyu ambaye maisha yake yote alikuwa akitia chakula midomoni mwa watu alipiga goti kwenye udongo, akambinya mtoto mashavu, akaingiza kidole. "Toa. Toa, mama. Toa, toa." Punje ya kwanza. Ya pili, iliyokwama chini ya ulimi. Mtoto alipiga kelele za kusikika mpaka kule Tawa. Akampindua, akamsuuza mdomo kwa maji ya kibuyu, akamwangalia ndani kabisa mpaka kooni, na alipohakikisha hamna kitu akamkandamiza kifuani.

Zile punje mbili zilikuwa bado kwenye kiganja chake, zinang'aa mate. Alizitazama. Kisha akazitupa shimoni, na akapangusa kiganja kwenye gauni mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Kesho tunakula nini?" aliuliza bila kugeuka.

"Ndengu," Ndunge alisema.

"Na kesho kutwa?"

"Ndengu, Mama."

"Basi fukia upesi," alisema Mama Kyule, akimbembeleza mtoto begani, "twende tukaziroweke."